Tuta Nililolisafisha Bondeni

Marafiki, leo nimejiaibisha mbele ya watu walionipokea kwa wema.

Naandika haya katika duka la intaneti, nguo zangu bado zinanuka moshi.

Juzi nilijiunga na wenzetu wanaolima bustani ndogo bondeni, hapa Nachingwea, ili wanishauri kuhusu mboga zangu zinazonyauka.

Leo asubuhi nilifika wa kwanza.

Katikati ya bustani niliona tuta la mchicha mrefu, uliokauka na kuinama ovyo. (Mnanijua: uchafu siuvumilii.) Niliung'oa wote, nikauchoma, nikafagia hata majivu.

Wenzangu walipofika, nilisimama wima nikingoja kushukuriwa.

Mama Asha, kiongozi wetu, alitazama pale, akakaa chini.

"Mwalimu, ile ilikuwa mbegu yetu sote."

Kumbe kila mwaka huacha tuta moja likauke, kisha hugawana mbegu. Kwetu nilikotoka tulinunua mbegu dukani, na hapa sikuuliza.

Bwana Saidi, anayelima kando yangu, akasema, "Haya, Mwalimu, mwaka huu tutapika usafi!"

Walicheka wote. Mimi nilikosa pa kuweka uso.

Nikachukua jembe langu niondoke. Mama Asha akanizuia.

"Unakwenda wapi? Jumamosi tunakwenda Ruangwa, kwa wenzetu wa Matambarale, kuomba mbegu. Atakayeomba ni wewe."

Nimewafundisha watoto wengi kuomba radhi. Tangu mchana natafuta maneno yangu mwenyewe, sijayapata.

Ninyi mngeanzaje?