Tetea wa Pete Nyekundu

Baba yangu ni seremala mstaafu, na kustaafu hakukumkalia vizuri hata siku moja. Wiki ya kwanza alirekebisha milango yote iliyokuwa ikikwaruza sakafu. Wiki ya pili akaanza kuikodolea macho ile isiyo na kasoro, randa mkononi. Mama akaona nyumba itabaki bila milango, akamwambia, "Mume wangu, tufuge kuku."

Wakaletwa matetea sita wa kahawia, wamefanana kama matofali. Jambo hilo lilimkera baba. Maisha yake yote aliandika kipimo juu ya kila ubao, sasa iweje yai liokotwe na mwenye yai asijulikane? Akaunda viota vya plaiwudi vyenye mlango mdogo wa bawaba: kuku akiingia, mlango unashuka nyuma yake, naye anabaki ndani mpaka mtu aje kumtoa. Kisha akanunua pete za plastiki za mguuni, rangi sita. Yeye akawashika kuku, mama akawavisha. Kuanzia hapo wakaitwa kwa pete zao: Njano, Buluu, Nyeupe, Nyeusi, Kijani na Nyekundu. Nilisema hayo si majina. Wao wakaendelea kuwaita hivyo hivyo.

Kila asubuhi baba alipita kwenye viota na penseli yake nene ya useremala. Alimtoa kuku, akaitazama pete, akachora kijistari ubaoni mbele ya jina. Mama hakujali ubao. Yeye alijali Nyekundu, ambaye alikuwa akimfuata hadi mlangoni mwa jikoni na kusimama hapo akimsikiliza anapozungumza.

Mwezi ulipoisha nikaenda kuusoma ule ubao. Mbele ya Nyekundu palikuwa peupe, hapana hata kijistari kimoja. Mimi sipendi mtu anayekula bure, awe na miguu miwili au minne, na wadogo zangu walikuwa wanakuja kula kwetu.

"Jumapili huyu anaingia chunguni," nikakata maneno.

Mama alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Nyekundu wangu?"

"Mama, mwezi mzima hajataga. Ubao wa baba huo hapo."

Tukamgeukia baba. Mzee ambaye hujua la kusema hata kuhusu misumari ya jirani akaanza kujikuna shingo. "Labda anabadilisha manyoya," akasema. "Tumpe wiki moja." Wiki ikapita, peupe vilevile. "Labda ni joto." Nikamwambia joto ni la kuku wote sita. Akaenda kuipiga msasa meza ambayo ilikuwa laini kuliko uso wangu.

Jumapili asubuhi mama alijifungia chumbani ili asione. Mimi nikatoka na kamba. Nilikuwa bado nyuma ya banda nilipousikia mlango wa kiota ukishuka, tap! Baada ya muda kuku akapiga kelele za kumaliza kutaga, na baba akaja na penseli yake bila kuniona. Akamtoa kuku. Akaigeuzageuza pete kwenye mwanga, akaisogeza karibu na pua, akaisogeza mbali. Halafu akachora kijistari mbele ya Kijani.

"Baba! Huyo ni Nyekundu!"

Nusura amwangushe. "Huyu?"

"Huyo huyo! Pete hiyo ni nyekundu kama nyanya!"

Nikauchukua ubao, nikafanya kazi niliyopaswa kuifanya tangu mwanzo, nikahesabu vijistari vya Kijani. Hamsini na moja, kwa siku thelathini na saba! Hakuna kuku wa namna hiyo duniani. Nikaitupa kamba, maana kisu nilikuwa nimekwisha kukinoa.

Mama alitoka mbio kwa makelele yetu. Baba akakaa juu ya ndoo, kuku mapajani, akayasema yote. Nyekundu na kijani kwake ni kitu kimoja, tangu azaliwe. Ujanani alikwenda kujifunza umeme, akaunganisha waya wa kijani palipotakiwa mwekundu, cheche zikaruka, akafukuzwa siku ya pili. Ndipo akaingia kwenye mbao. Aliona aibu kumwambia mtu.

"Uliniambia uliacha umeme kwa sababu unapenda harufu ya mbao!" mama akasema.

"Naipenda. Nilikuja kuipenda baadaye."

Mama akashika kiuno. "Subiri kwanza. Siku ile ya kwanza ulipokuja kwetu, ukanisifia gauni langu la kijani…"

"Lilikupendeza sana."

"Lilikuwa jekundu! Nikajua unaye mwenzangu mwenye gauni la kijani. Nikakununia wiki mbili!"

"Kumbe ndiyo sababu? Mimi nilidhani ni zile peremende za bei rahisi nilizokuletea."

Mama alicheka mpaka akaketi chini, kanga ikamvuka begani. Baba akacheka, nami nikavunjika mbavu, na Nyekundu akaruka kutoka mapajani akaenda zake jikoni. Wadogo zangu walikula maharage, wakanung'unika, nikawaambia wanyamaze.

Kesho yake nilikwenda dukani kwa moyo wa toba, nikarudi na pete zenye namba, kubwa kabisa, ili baba asihangaike tena. Alizipokea kwa adabu, akaziweka kwenye droo ya misumari. Wiki tatu sasa zimo humo, bado kwenye karatasi yake.

"Baba, mbona huwavishi?"

"Namba zenyewe ndogo mno, mwanangu. Sizioni."

Na kila asubuhi anasimama penye viota, kuku mkononi, anaita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Mke wangu! Njoo unisomee!" Mama anaacha chai yake na kwenda, na wanakaa huko nusu saa kwa mayai manne. Nimewaacha. Baba anasoma gazeti bila miwani.