Fungua Mdomo Tu

Harufu ya pasi ya makaa ikikutana na kitambaa cheupe chenye unyevu bado hunirudisha utotoni. Wengine wakiisikia hukumbuka Jumapili, soda na viatu vipya. Mimi hukumbuka mistari ya watoto ndani ya kanisa letu la Mabanga, mjini Goma, mikono imebanwa mapajani, vumbi jeusi la volkano limenasa kwenye soksi nyeupe, na mimi katikati yao nimefungua kinywa kisichotoa kitu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja hivi. Niseme mapema kwamba ninaandika haya nikiwa na hasira, na sioni kwa nini niipoze kwanza ndipo niandike. Watu husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Sawa, ila ndwele hii bado inaambukiza watoto, kama nitakavyoeleza mwishoni.

Kwaya yetu ya watoto iliongozwa na Papa Anselme, yaani Baba Anselme, mtu aliyependwa sana mtaani. Alikuwa na kinanda ambacho alikifunika kwa taulo kila baada ya mazoezi, na alipenda kuwaambia wazazi kuwa samaki mkunje angali mbichi. Wazazi waliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza samaki anakunjwa kuelekea wapi. Sheria zake zilikuwa rahisi: usitikisike, usicheze, usimtazame mwenzako, wasichana wote sauti ya kwanza, ile ya juu, wavulana wadogo sauti ya pili, wavulana wakubwa sauti ya tatu, ile nzito. Kwake mtoto alikuwa koo na shingo, na sehemu nyingine zote za mwili zilikuwa za kufunikwa na joho. Sasa mimi nilizaliwa na sauti nzito. Niliirithi kwa upande wa mama, kwa wanawake wa milima ya Masisi ambao huita ng'ombe kutoka kilima kimoja hadi kingine nao ng'ombe wakasikia. Wimbo ulipopanda juu, sauti yangu ilikwama njiani na kukatika. Siku moja Papa Anselme alipiga rula kwenye ukingo wa kinanda, kwaya nzima ikanyamaza, akanitazama. "Zawadi, hapa hapana zizi ya ng'ombe. Wewe fungua mudomo tu. Usitoe sauti." Watoto wakacheka, naye akawaacha wacheke hadi waliposhiba. Hakunifukuza, kwa sababu joho langu lilikwisha shonwa na mstari ulitakiwa uwe sawa.

Basi msimu ule wote wa mvua kabla ya Noeli niliimba bila sauti. Nikawa fundi wa kazi hiyo. Nilijua mahali pa kuinua nyusi, mahali pa kufumba macho kama mtu aliyeguswa na Roho. Kilichoniumiza zaidi hakikuwa kicheko cha watoto. Alikuwa ni Mama. Mama aliuza maharagwe kando ya njia, na kila Jumapili tukirudi nyumbani alinishika mkono akawaambia jirani zake wa biashara: "Leo nilisikia sauti ya mutoto yangu. Ilipanda juu ya zingine zote." Jirani walinipongeza. Mimi nilitazama mawe meusi ya barabara na kumkasirikia, ndiyo, hata yeye, kwa kuamini. Nilikuwa mdogo mno kujua kwamba hasira ile nilikuwa nampelekea mtu asiyehusika.

Shuleni kulikuwa na Madame Espérance, mwalimu wetu wa darasa. Alisomea ualimu Bukavu na kujifunza muziki huko huko, na noti alizisoma kama sisi tulivyosoma majina yetu. Baada ya masomo aliwakusanya watoto waliotaka kuimba, lakini ukifika kwake ulikaa muda mrefu bila kuimba chochote. Kwanza aliuliza nani hajala, na ambaye hajala alipewa kipande cha kiazi kitamu kutoka kwenye mfuko wake. "Mutoto wa njaa ataimba njaa yake," alisema. Kisha aliuliza tumelalaje, nani kwao kuna mgonjwa, nani amepigwa. Halafu tulilala chali juu ya mikeka, kila mmoja na jiwe jepesi la volkano juu ya tumbo, tukavuta pumzi hadi jiwe lipande bila mabega kusogea. Mawe hayo Goma hayatafutwi, unainama tu. Tukiinuka, tulijifunza wimbo kwa miguu, peku, tukizunguka uwanja, na maneno yake tuliyaeleza kwanza kama hadithi, kila mtu kwa mdomo wake. Ndipo tukaimba. Watoto waliokuwa na kigugumizi darasani waliimba pale bila kigugumizi. Mimi nilihudhuria kila siku, nikapandisha jiwe langu, nikazunguka uwanja, na wimbo ulipoanza nikafungua mdomo tu. Nilikwisha zoea.

Jumamosi moja nilikwenda na mdogo wangu Bahati kuchota maji ziwani, upande wa Keshero. Nilikuwa najaza bidoni, dumu letu la maji, nilipoona Bahati amesogea mbali ndani ya maji, kichwa tu kinaonekana. Nikamwita. Sikupanga namna ya kumwita. Jina lake lilitoka tumboni likapita juu ya maji, wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, wakageuka ndani ya mitumbwi yao, na Bahati akarudi mbio kama aliyevutwa kwa kamba. Nyuma yangu nikasikia mtu anatua bidoni chini. Alikuwa Madame Espérance.

"Ni nani ameita vile?"

"Ni miye, Madame. Munisamehe."

"Nikusamehe nini? Sauti ile, tukiimba, unaiachaka wapi?"

Nikamweleza yote, kuanzia rula hadi maharagwe ya Mama. Nilimwona akisaga meno, na hadi leo namshukuru kwa hilo, kwa maana alikuwa mtu mzima wa kwanza kukasirika kwa ajili yangu. "Sauti yako haiko mubaya," akasema. "Walikuweka fasi yenye haiko yako. Wewe uko sauti ya tatu." Fasi kwetu ni mahali pa mtu au kitu.

Kuanzia siku ile alinifundisha kwa kuanzia kwenye mwito ule. Nilimwita Bahati, kisha nikamwita polepole, kisha jina likawa noti, noti ikawa mstari mzima wa sauti ya tatu. Akaenda nami kwa Papa Anselme kumwomba anihamishe. Papa Anselme alitabasamu tabasamu la mtu aliyezoea kupendwa. "Madame, mutoto mwanamuke asimame kati ya wanaume? Watu watatucheka." Madame akamjibu kwamba wacheke kwanza, kisha watasikia. Alikataa. Ukuni ule ule wa kicheko alionichomea mbele ya wenzangu aliuogopa usimguse yeye. Ama kweli, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Siku ya Noeli nilisimama kwenye mstari wangu wa wasichana. Sikuwa nimekusudia kumwasi mtu. Wimbo ulipoanza, vidole vya miguu vilianza kusogea ndani ya viatu, tumbo likajaa kama chini ya lile jiwe, na sauti ikatoka. Ilikuwa sauti ya tatu, sahihi tangu mwanzo hadi mwisho, kutoka mahali isipotakiwa. Msichana wa jirani yangu alipoteza noti yake kwa mshangao. Watu wakainua vichwa kuitafuta sauti ile. Papa Anselme alimaliza wimbo, akangoja ibada iishe, na mlangoni, watu wote wakipita, akaniamuru nivue joho. Nikalivua. Nikabaki na gauni la nyumbani lenye kiraka begani. Mama alikuja akipenya katikati ya watu, uso wake umejaa furaha, kisha akaona. Nikamwambia palepale, mbele ya kila mtu, kwamba siku zote sikuwa naimba, kwamba leo tu ndiyo nimeimba.

Mama alinishika bega lenye kiraka. "Kumbe ile ya leo ndiyo yako," akasema. Kisha akamgeukia Papa Anselme, bila kupaza sauti. "Sasa ile nilikuwa nasikiaka siku zote, ilikuwa ya nani?"

Papa Anselme alianza kukunja joho langu.

Sikurudi kwenye kwaya ile. Mwaka uliofuata Madame Espérance alihamishwa, na sikumwona tena. Leo ninaimba sauti ya tatu katika kanisa lingine, nikisimama kati ya wanaume, na Jumamosi nafundisha watoto, wengi wao waliopitia kambi za wakimbizi za Kanyaruchinya. Kwa watoto hao huwezi kuanza na koo. Naanza na chakula, usingizi na mawe ya tumbo. Makanisa na shule siku hizi zina vipaza sauti, vinanda vyenye ngoma ndani, na simu za kurekodi kila kitu. Nilidhani pamoja na vitu hivyo akili nayo imekuja. Ilikuwa ndoto yangu.

Wiki iliyopita nilikuwa napiga pasi gauni jeupe la binti yangu Neema, la sherehe ya shule yake. Harufu ile ikapanda. Nikainua macho, nikamwona amesimama mbele ya kioo, anafungua na kufunga kinywa, nyusi juu, macho amefumba, na hakuna sauti inayotoka. Alikuwa anafanya vizuri sana. Nikamuuliza ni mchezo gani huo. "Mwalimu alisema sauti yangu iko nzito," akanijibu. "Nifungue mudomo tu."

Niliitoa pasi juu ya gauni, nikamshika mkono, tukaenda hadi shuleni, ambako mazoezi ya kwaya yake ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Mlango ulikuwa wazi. Mwalimu, kijana mwenye shati safi, alinisalimu kwa heshima na kuniuliza kuna shida gani. Niliinama kwa Neema nikamwambia amwite mjomba wake Bahati, kana kwamba yuko katikati ya ziwa.

Akamwita. Kwaya nzima ikageuka, na mtu mmoja barabarani akasimama.

"Umesikia?" nikamwambia mwalimu. "Sasa itafutie fasi."