Machi Ambayo Upepo Haukuleta Mvua

Juzi nilishuka Mugutha, vumbi likanipiga usoni hata sijavuka barabara, na hapo hapo nikamkumbuka shosho, bibi yangu aliyenilea. Palipokuwa shamba lake sasa pamejaa gorofa za kukodisha. Ungekuja enzi zile ungekuta mahindi, maharagwe, na moshi wa githeri ukitoka jikoni. Alfajiri upepo ulishuka kutoka milima ya Nyandarua, wa baridi, ukinukia majani mabichi. Mchana, jua likishapasha tambarare za upande wa Ukambani, uligeuka, ukatujaza mchanga machoni tukitoka mtoni na ndoo.

Mwaka niliokuwa darasa la sita, mvua ya Machi ilichelewa. Mwalimu wetu aliwasha karatasi darasani, tukaona moshi ukipanda.

"Hewa ikipata moto inakuwa nyepesi, inapanda," akasema. "Ile ya baridi inakuja kujaza nafasi yake. Huo ndio upepo."

Akachora dunia ubaoni. Kwenye ikweta hewa inapanda, nyingine inakimbilia hapo kutoka kusini na kaskazini, na kwa sababu dunia inazunguka, inapinda njiani. Pepo hizo zikikutana juu yetu zimebeba unyevu wa bahari, mvua inanyesha.

Nilikimbia nyumbani na habari hizo. Shosho alisikiliza hadi mwisho, ameegemea jembe.

"Sasa mwalimu amesema zitakutana lini?"

"Hakusema, shosho."

"Basi rudi umuulize, mtoto wangu. Umuulize vizuri."

Nilimuuliza. Mwalimu aligeuka akafuta ubao.

Baadaye manyunyu yalishuka mchana mmoja. Shosho akapanda mbegu zote, hata mahindi tuliyokuwa tumeweka ya kula. Yakachipuka. Halafu upepo mkavu wa tambarare ukaanza, ukawa hauishi, miche ikakunjamana tukiitazama. Tulibeba maji mpaka mto wenyewe ukabaki matope. Jioni moja nilimkuta amepiga magoti kati ya mistari, amefunika mche kwa leso yake.

"Ngai, Mungu wangu, huu mmoja tu," alikuwa akisema. "Niachie huu mmoja."

Haukubaki.

Mama, aliyekuwa akiishi Kiganjo, alikuja kutuchukua, tukakaa naye huko chumba kimoja. Kila asubuhi shosho alisimama kwenye korido ya ploti, kati ya vyumba vya wapangaji, uso ameuinua.

"Huku upepo unapitia wapi?" aliniuliza.

Kuta zilikuwa pande zote. Msimu mwingine wa kupanda haukumkuta hai.

Hewa bado inapanda, nyingine bado inakuja, mwalimu hakutudanganya. Lakini harufu ya udongo ule ukilowa kwa mara ya kwanza, rafiki yangu, sijui nitaitafuta wapi tena. Juzi nilisimama nje ya gorofa zile hadi mlinzi wa geti akaja kuniuliza namtafuta nani. Nikamwambia hakuna.