Kabureta Mbili za Bushiri

Gari la Bushiri liliingia Kibiti likivutwa na pikapu, na mji ukatoka kulicheka. Jekundu, fupi, limelala chini kama chura, viti viwili tu na paa la turubai. Mtu mzima na akili zake anunue gari lisilobeba hata gunia la mpunga? Lakini ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa ile, biashara zilipofunguliwa. Mitumba tele, redio za kaseti tele, na Bushiri, aliyeanza kwa kununua kambamiti Salale na kuwapeleka Dar es Salaam ndani ya barafu, sasa alikuwa na uwezo wa kufanya wazimu wake. Gari lenyewe lilikuwa la mashindano, la Kiingereza, limekaa miaka chungu nzima kwenye banda la mjane mmoja Upanga. Kalipenda, kalichukua. Nani amzuie?

Akalipeleka moja kwa moja kwa Mshamu, na hapo kicheko kikakoma. Mshamu hakuwa fundi wa kubahatisha, msinichekeshe! Mmatumbi huyu alishuka na wazazi wake kutoka vilimani angali mdogo, na ujana wake wote ukaishia deltani, akiendesha boti la mizigo kati ya Nyamisati, Salale na Kiongoroni. Injini ya dizeli isiyo na ekzosi ya maana ilikuwa ubavuni mwake wa kushoto, yeye mkono kwenye usukani, kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka. Alipochoka na maji akafungua gereji nyuma ya stendi ya Kibiti.

Mashine za kupimia hakuwa nazo. Alikuwa na mpira mwembamba, ule wa kupitisha mafuta, na masikio yake. Ncha moja anaiweka kwenye mdomo wa kabureta, ncha ya pili anaitia sikioni, anafumba macho, anasikiliza jinsi hewa inavyovutwa. Kisha anasema, "Hii inabanwa," au, "Hii inavuta kupita kiasi." Na ndivyo inavyokuwa. Watu walilitaja sikio la Mshamu kama wanavyolitaja soko lao.

Ila siku zile Mshamu hakuwa wa kusemeshwa. Mkewe, Mwanawetu, alikuwa ameondoka. Hakugombana naye, hakupiga kelele, hakuvunja hata kikombe. Alifunga kanga zake, akamwachia wali umefunikwa kawa, akaenda kwa kaka yake Mudathiri, kule Dimani. Kwa jirani aliacha maneno mawili: "Mwambieni nimeshajibiwa." Ajibiwe na nani? Ajibiwe nini? Mshamu aliumiza kichwa mpaka basi, halafu hasira zikampanda, akaapa hamfuati mtu aliyeondoka bila kuaga. Mudathiri naye hakulaza damu. Akaleta salamu kwamba Ijumaa anakuja na wazee, talaka itolewe, kila mtu ashike njia yake.

Na mji haukumhurumia, ng'o! Kwani Mshamu wa siku hizi alikuwa na maringo, au sivyo? Unampita barabarani, unamsalimia, hakuitikii. Kesho anakuitikia vizuri, anacheka na wewe. Keshokutwa anakupita tena kama nguzo. Kijakazi, mama muuza vitumbua pale mbele ya gereji, ndiye aliyelisema waziwazi: "Kiburi cha mtu yule kimemkimbiza mke. Ningekuwa mimi ningeondoka zamani."

Basi, gari. Magari aliyoyazoea Mshamu yalikuwa na kabureta moja, hiyo moja inalisha injini nzima. La Bushiri lilikuwa na mbili, zimekaa sambamba, ya mbele na ya nyuma, zimeunganishwa kwa ufito wa chuma ili zifunguke pamoja. Zikivuta hewa sawasawa, injini inanguruma kwa raha. Moja ikimzidi mwenziwe, basi ni sawa na watu wawili waliobeba kitanda, mmoja mrefu mmoja mfupi: safari ipo, lakini ya kuyumba.

Kabureta pacha alikuwa hajawahi kuzishika, ila akaona kazi si ngumu. Akakata vipande viwili vya mpira vilivyo sawa. Akasimama ubavuni mwa gari, akainama juu ya injini. Mpira wa kabureta ya mbele akautia sikio la kushoto, wa kabureta ya nyuma sikio la kulia, mfano wa daktari anayepima kifua. Sauti zikiwa sawa, alimwambia Bushiri, zitakutana katikati ya kichwa.

"Wewe tu, fundi," Bushiri akasema. "Nimewaambia watu wa Dar kwamba Kibiti kuna sikio. Usiniaibishe."

"Ondoa wasiwasi, tajiri."

Injini ikawaka. Kabureta ya nyuma ikazomea sikioni kwa nguvu, vizuri kabisa. Ya mbele, kwa mbaaali, kama mtu anayenong'ona nyumba ya tatu. Akajua ya mbele inabanwa. Akalegeza nati za ule ufito ili kila kabureta isimame peke yake, akaikaza skrubu ya mbele ili mlango wake wa hewa ufunguke zaidi. Akasikiliza. Bado. Akakaza tena. Bado! Akapunguza ya nyuma, akaongeza ya mbele. Gari likaanza kutetemeka boneti nzima, likakohoa, likatoa mlipuko mmoja kwenye ekzosi, kuku wa stendi wakatawanyika na Kijakazi akaachia upawa ndani ya mafuta.

"We Mshamu! Unataka kutuua?"

Mshamu akafungua kabureta ya mbele, akaiosha kwa petroli, akapuliza kila kitundu. Safi. Akatazama sindano yake, akatazama mafuta mazito ya kulainisha pistoni yake ya ndani. Hakuna tatizo. Akairudisha, akawasha. Ya mbele inanong'ona vilevile, na gari linapigapiga mateke. Jasho likaanza kumtoka, na si la jua. Watu walishaanza kukusanyika, na Bushiri aliyekuwa amekaa kwenye benchi akasimama, akakaa, akasimama tena.

Mafundi wa njia ile ya kusini wana utaratibu wao, maana vipuri vya kubahatisha hawana: ukikishuku kitu, kihamishe. Toa plagi ya silinda hii, itie ile. Ugonjwa ukihama na plagi, plagi ndiyo mgonjwa. Ukibaki pale pale, tafuta kwingine. Mshamu akahamisha. Pistoni ya kabureta ya mbele akaipeleka nyuma, ya nyuma akaileta mbele. Akawasha. Ya mbele inanong'ona. Akavibadilisha vipande vya mpira, huenda kimoja kimeziba. Ya mbele inanong'ona. Kilichobaki ni kimoja tu, na alikifanya bila kufikiri, kwa mazoea ya mkono. Akapishanisha ncha. Kabureta ya mbele akaitia sikio la kulia, ya nyuma sikio la kushoto.

Kabureta ya mbele ikamngurumia kama maji ya mto yanayobomoa ukingo. Kabureta ya nyuma, ile iliyokuwa nzima tangu asubuhi, ikafa.

Mshamu alibaki ameinama vilevile. Akarudisha ncha mahali pake. Ya mbele ikafa, ya nyuma ikafufuka. Akazipishanisha tena. Mtume! Ugonjwa haukuwa mbele wala nyuma. Ulikuwa upande mmoja tu, na upande wenyewe haukuwa wa gari.

Akaizima injini. Akatoa mipira masikioni taratibu, akatumbukiza kidole cha shahada katika sikio la kulia akaliziba kabisa. Stendi ikanyamaza. Mabasi yapo, midomo ya watu inakwenda, Bushiri anamsemesha na kumnyooshea mkono, na hakuna kitu. Kitu gani hicho, jamani? Mtu na mwili wake, umepoteza kitu kikubwa namna hiyo asijue?

"Kijakazi," akaita, "njoo usimame hapa, upande huu. Nisemeshe."

Kijakazi akaja anafuta mikono kwenye kanga. Mshamu akatazama mbele, kidole sikioni, akangoja. Akangoja weee. Mwishowe akatoa kidole. "Mbona husemi?"

Kijakazi alikuwa amekodoa macho. "Nimesema, fundi. Nimekwambia una kiburi, una roho mbaya, na mkeo ana haki ya kukukimbia. Nimekutukania mpaka ukoo wako. Hukusikia hata moja?"

"Hata moja."

"Astaghafirullah," akasema Kijakazi, akaketi chini pale pale kwenye grisi. Watu waliokuja kucheka wakatazamana. Wote walikumbuka salamu zao zisizoitikiwa, na kila mmoja sasa alijua alikuwa amesimama upande gani.

Kazi aliimaliza, kwa sababu fundi akishachanganyikiwa mikono ndiyo humtuliza. Akashika mpira mmoja, sikio moja, la kulia. Akasikiliza ya mbele, akahamia ya nyuma, akarudi, kidogo kidogo akaigeuza skrubu. Zilipolingana akaubana ufito, akaiinua kidogo pistoni moja moja kwa ncha ya bisibisi kusikia kama petroli imezidi au imepungua. Gari likatulia. Likanguruma kwa upole mpaka Bushiri akapiga makofi. Mshamu hakufurahi. Alikuwa anafikiria mto wake wa kulalia.

Maana tangu chuoni, alipofundishwa Kurani, mwalimu aliwaambia watoto walalie ubavu wa kulia, ndiyo sunna. Mshamu hajawahi kulala vinginevyo. Sikio la kulia linazama ndani ya mto, la kushoto linabaki juu. Na Mwanawetu analala nyuma yake.

"Tajiri," akamwambia Bushiri, "nipeleke Dimani. Sasa hivi, tafadhali."

Mudathiri aliwapokea uani kwa uso mkavu. Akampa shemeji yake mkeka kwa sababu ya ada tu, si kwa mapenzi. "Umekuja na talaka, shemeji? Ungengoja Ijumaa, wazee wawepo."

"Nimekuja kuuliza alisema nini."

"Alisema lini?"

"Sijui lini. Usiku. Mimi nimelala."

Mwanawetu alitoka jikoni ameshika ungo wa mchele. Alikuwa amekonda. "Leo unajifanya hukusikia," akasema. "Nilikuona, Mshamu. Kibatari kilikuwa kinawaka, macho yako yako wazi, unatazama ukuta. Nikakwambia, mume wangu, kama huna haja na mimi tena, kama unataka niende kwetu, basi nyamaza tu, sitakulazimisha useme. Siku ya ndoa yetu mimi niliulizwa kama nimekukubali nikanyamaza, wakasema amekubali. Nikangoja. Nilingoja mpaka kibatari kikazimika. Ukanyamaza."

Mshamu akaona kusema hakutafaa. Akajigeuza pale mkekani, akampa ubavu wa kushoto, akaziba sikio la kulia kwa kidole. "Niambie neno lolote," akasema. "La kawaida tu, kama unavyosema ukiwa kitandani."

Akatazama kinu kilichokuwa mbele yake. Akangoja. Kuku akapita. Akamwona Mudathiri anainuka polepole kutoka kwenye kigoda, kiganja amekiweka mdomoni, na Bushiri mlangoni anaangalia chini.

"Sema basi," Mshamu akasema.

Mkono ukashika mkono wake, ukamtoa kidole sikioni. Alipogeuka, uso wa Mwanawetu ulikuwa umelowa wote. "Nimesema," akasema. "Nimesema na nimesema. Toba yarabi, mume wangu! Mbona mchana ulikuwa unanijibu?"

"Mchana unanipa chakula upande wa kulia."

Mudathiri akachukua kofia yake kimya kimya, akaenda kuwaambia wazee wasije. Mwanawetu akakaa. Walitazamana kama watu waliookolewa kwenye boti lililozama, ambao hawajajua bado nani hayupo.

"Na mengine?" Mshamu akauliza. "Umenisemesha mara ngapi?"

"Kila usiku."

"Unaniambia nini?"

Mwanawetu akatazama mlangoni kwanza. Kwetu kuna maneno mwanamke hayasemi mchana, kwa kuogopa macho ya watu, na haya alikuwa hajamwambia mwingine yeyote. "Nilikwambia nilipokuwa na mimba," akasema. "Ukanyamaza, nikadhani unaogopa hasidi asisikie. Ikatoka ulipokuwa Nyamisati kutengeneza boti la watu. Uliporudi nilikwambia na hilo. Nikakwambia nilivyomzika. Ukalala."

"Mimba gani?" akasema Mshamu.

Aliuliza kwa sauti kubwa, mpaka kule jikoni watu wakaacha walichokuwa wakifanya. Akauliza tena, chini chini, mikono yake yenye grisi imelala magotini wala hajui aipeleke wapi. Ungo ulikuwa umepinduka na mchele umemwagika mkekani, na hakuna aliyeuokota.

Mwanawetu akahamia upande wake wa kulia, akaanza kumweleza tangu mwanzo.