Korongo Nyuma ya Jiko

Mama mkubwa wangu, dada yake mama, ni fundi cherehani, na nyumba yake aliijenga kama anavyoshona gauni la mteja msumbufu: leo chumba, mwakani dirisha. Shida ilikuwa korongo nyuma ya jiko. Kila mvua kubwa ikinyesha lilimega ua, mpaka nguzo ya kamba ya kuanikia nguo ikaenda nalo. Alichotaka duniani ni kimoja tu, nyumba isianguke.

Watu wengine huwafukuza wamwaga taka. Yeye aliwapungia mkono waje wamjazie korongo. Siku moja lori likasimama, limejaa mashina mabichi yaliyokatwakatwa.

"Shikamoo mama. Tumwage hapa?" dereva akauliza.

"Marahaba mwanangu. Mwaga tu, hata ukitaka kumwaga na lori lenyewe!"

"Ni majani tu, mama. Yataoza yenyewe."

Mwongo mkubwa. Lilikuwa gugu la kigeni lililofyekwa kando ya mto, na kampuni ya dereva huyo ilikuwa imelipwa ikalichome kwenye shimo la manispaa, mbali huko. Mama mkubwa akawapa chai. Chai! Mpaka leo nikiikumbuka damu inanichemka.

Korongo likajaa, naye akatamba mtaa mzima kwamba amepata dawa. Mvua ziliporudi, kila kipande cha shina kikatoa mizizi. Udongo ulishikamana barabara, hilo silikatai. Lakini gugu lenyewe halina adabu. Lilipanda uani, likapita chini ya msingi, likachomoza kwenye ufa wa sakafu karibu na cherehani. Tulikata, likarudi. Tulimwaga chumvi, likarudi limenenepa. Ukuta wa jiko ukapasuka kutoka chini hadi dirishani.

Akaja ofisa wa mazingira. "Mama, gugu liko kwako, kwa hiyo ni lako. Ling'oe lote, na usitupe hata kijiti. La sivyo nyumba itabomolewa."

"Na walioleta je?"

"Una namba ya lori?"

Hakuwa nayo.

Tuling'oa, tukashindilia kwenye magunia. Shimo la manispaa linapokea mizigo ya malori tu, na tulipotaka kuyachoma uani majirani walikataa moshi. Magunia yakajaa chumba cha kushonea, yakachipua humo humo. Wateja wakahamia kwa mafundi wengine, huku mizizi ikiendelea na kazi yake chini ya sakafu. Mama mkubwa, aliyekuwa akinitania mpaka mbavu zinaniuma, siku hizi hushinda akihesabu magunia. Inaniuma kumwona hivyo.

Jana asubuhi nilimkuta uani na mwenye mkokoteni, wanapakia magunia. Barabara ya pale nyumbani inateremka bondeni, kwenye mashamba na nyumba za watu.

"Anayapeleka wapi, mama?" nikauliza.

"Usimuulize," akasema bila kunitazama. "Shika huko, tupandishe."