Damu ya Kaya

Sijawahi kuwa mtu wa kungoja, na miaka ile Babati nzima ilikuwa foleni: sukari, sabuni, khanga, mafuta ya taa. Balozi wetu wa nyumba kumi alipopita mtaani kwetu Bagara akitangaza kwamba madaktari kutoka Dar es Salaam wanawapima watu wazima wa mjini kama wana madini ya risasi kwenye damu, mume wangu hakuinua hata kichwa.

"Nenda wewe," alisema. "Foleni ni mtu mmoja kwa kaya."

Alikuwa fundi wa betri. Madukani betri mpya hazikuonekana, kwa hiyo madereva wa malori walimletea zilizokufa, akazipasua, akayeyusha risasi yake na kuunda vibao vipya vya ndani ya betri. Mkaa nao ulikuwa wa kutafutwa kwa tochi, basi aliyeyushia jikoni kwangu, kwenye moto uleule niliopikia ugali. Siku hizo tumbo lilikuwa likimsokota, na mkono wa kulia ulilegea hata vikombe vikawa vinamponyoka. Nilitaka apimwe yeye. Tuligombana, nikashindwa, nikaenda nimenuna.

"Nimekuja kwa niaba ya mume wangu," nilimwambia daktari pale zahanati.

Alicheka mpaka akaweka sindano chini. "Mama, hii si sukari. Damu kila mtu ana yake."

Watu nyuma yangu wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze, kisha nikatamani kumzaba kofi mume wangu. Daktari alinipima hata hivyo, maana nami nilikuwa mtu mzima wa mjini. Sikumwambia kwamba nina mimba changa. Kwetu mambo hayo hayatangazwi mapema, tena mbele ya foleni.

Madaktari wakarudi Dar na damu zetu, mimi nikabaki nahangaika. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nilikwenda zahanati kuulizia mara kwa mara watarudi lini, mpaka mlinzi akanitania kwamba nimempenda daktari. Petroli haikuwepo, mvua ilikuwa imekata barabara, na usiku nilimsikia mume wangu akiugulia maumivu ya tumbo. Kwa upande wangu sikuwa na hofu, sijawahi kugusa betri hata moja. Niliapa tu kwamba wakirudi nitamburuta yeye kwa shati.

Walirudi tumbo langu likiwa limeshajitokeza, nami sikungoja hata kumburuta mtu; nilikimbilia majibu peke yangu. Daktari alinitazama usoni, akatazama tumbo, na safari hii hakucheka.

"Mama, damu yako ina risasi nyingi. Unafanya kazi gani?"

"Napika, nafua."

"Unafua nini?"

"Nguo za kazi za mume wangu. Ni fundi betri."

"Na risasi anayeyushia wapi?"

Nilipotamka neno jikoni, nilielewa mwenyewe. Nikamuuliza kuhusu mtoto. Akasema risasi humfikia mtoto tumboni. Kwa kiasi gani, hajui. Niliichukia ile hajui yake kuliko tusi. Aliniagiza tuyatoe mambo ya betri jikoni, na nisifue tena zile nguo.

Nilimweleza mume wangu yote hayo nikiwa bado nimesimama. Hakubisha. Alikunja mkono wa shati mpaka begani.

"Twende. Na mimi nipimwe."

"Vichupa vya kuwekea damu vimekwisha," nilisema. "Madaktari wanafunga mizigo."

Saa ileile alibeba masufuria yake ya kuyeyushia akayapeleka nyuma ya uzio, akawasha moto wake huko. Kazi hakuacha, hatukuwa na nyingine. Nguo zake akawa anafua mwenyewe kwa ule mkono uliolegea, na sabuni ilipokosekana alizisugua kwa majivu.

Nami sikutulia tena. Mtoto akinyamaza kidogo tu tumboni, nilimgonga kwa vidole mpaka arushe teke. Jioni mume wangu alisimama nje ya mlango na nguo zake za kazi, asithubutu kuvuka kizingiti, akaniuliza kabla hata ya kunisalimu:

"Amecheza?"