Msichana Aliyesaga Sombe

Katika miaka ya vita, msichana mmoja alikimbia kutoka Sange akaja kuishi kwa shangazi yake, katika nyumba iliyopakana na yangu mtaani Kasenga. Wenzake walipotwanga sombe, yeye aliyasaga majani yale ya muhogo juu ya jiwe, polepole, akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa misa, kwa sababu kishindo cha mchi kilimrudishia mabomu ya kwao. Vidole vyake vilikuwa vya kijani hadi kwenye kucha, naye alituonyesha vidole hivyo kwa fahari kama pete mpya.

“Weye, sombe yako iko na meno!” Noella, binti wa jirani, alimtania, kwa kuwa majani ya kusagwa hubaki na chenga.

“Basi itakutafuna weye wa kwanza.”

Siku ya komunyo ya kwanza ya mdogo wake Noella, kinu kikubwa kiliwekwa uani kwao. Sombe ya karamu hutwangwa na watu wawili, mchi mmoja ukipanda mwingine ukishuka, na Noella alikuwa amekosa mwenzake. Msichana alisimama kitambo akikitazama kinu, kisha akaliacha jiwe lake na kuushika mchi. Pigo la kwanza alilipiga akiwa amefumba macho. Noella akapunguza mwendo, akamsubiri. Taratibu macho yakafumbuka, mapigo yakapata nguvu, mpaka mchi wake ukaanza kutangulia.

“Noella, unalala? Watu wako na njaa!” msichana akamtania.

Tulicheka sote, naye akaendelea kutwanga hata majani yalipokuwa yamekwisha kulainika.